Pikipiki Mbili na Barabara ya Goma

Raoul Muhindo alikuwa mteja wangu kabla ya kuwa rafiki yangu, na alikuwa mteja mgumu. Nina gereji ndogo ya pikipiki katikati ya mji wa Lubumbashi, nyuma ya maduka ya jumla, na yeye anauza maharagwe, mchele na samaki wakavu kwa magunia katika moja ya maduka hayo. Kila alipoleta kipikipiki chake cha Kichina, alisimama juu ya kichwa changu mpaka nimalize, akiuliza kila bolti inakwenda wapi.

Ni mtu wa Kivu Kaskazini, Mnande. Alizaliwa milimani upande wa Lubero, akafiwa na wazazi mapema, na dada yake mkubwa, Virginie, akamchukua Goma akamlea. Yaya Virginie, kama anavyomwita, aliuza viazi sokoni akamsomesha, na alikataa kuolewa mpaka mdogo wake alipomaliza shule. Raoul alifika Lubumbashi akiwa kijana, akisindikiza mzigo wa maharagwe ya watu. Sasa ana mke, Émerance, na binti, Emmanuella, ndiyo maana huko Bel-Air wanakokaa majirani wanamwita Papa Ema. Lakini miaka yote hiyo aliishi kama mtu aliyeshuka kwenye basi kunywa maji tu. Nyumba ni ya kupanga. Kiwanja hakununua. Ukimuuliza, alikujibu, "Mi niko hapa ya kupita, Liévin. Kwetu iko kule."

Mimi sikumwelewa. Babu yangu aliletwa kutoka Kongolo kufanya kazi ya reli, baba yangu akazaliwa hapa, nami nikazaliwa hapa. Sina "kule" pengine.

Mwisho wa Januari mwaka 2025, Goma iliangukia mikononi mwa waasi. Sisi huku kusini tulisikia redioni na kwenye simu, kama mtu anavyosikia ugomvi wa nyumba ya pili: sauti zinakuja, lakini hujui nani ameumia. Kwa wafanyabiashara wa Kivu waliomo mjini haikuwa nyumba ya pili. Uwanja wa ndege wa kule ulifungwa, benki zikafungwa, umeme ukakatika, simu hazikupita. Asubuhi maduka ya jumla yalifunguliwa kama kawaida, ila wenye maduka walisimama nje kwa makundi, kila mmoja na simu mkononi, na wateja walingoja bila kulalamika.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na pikipiki mbili za aina isiyoonekana sana mjini kwetu. Zilikuwa za mume na mke kutoka Ulaya, watu wenye mvi, walioanzia Cape Town wakipanda kuelekea kaskazini. Walitaka kupita Kalemie, Bukavu na Goma, kisha waingie Uganda. Waliniletea nibadilishe matairi na minyororo kabla ya barabara mbaya kuanza, na nilikuwa nafungua gurudumu la kwanza habari zilipokuja. Walikaa hotelini wakisikiliza. Halafu wakaja kuniambia kwamba wanarudi kwao kwa ndege, niwauzie zote mbili. Yule mama aliipapasa yake kwenye kiti kabla ya kuondoka, jinsi mtu anavyompapasa mbwa anayemwacha kwa jirani.

Ya mume ilikuwa nyeupe. Injini ya silinda mbili, tangi pana kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, masanduku ya bati huku na huku, na kiti cha kuwatosha watu wawili wenye nyama zao. Ya mke ilikuwa ya kijani: silinda moja, nyembamba, nyepesi, na mabegi ya turubai badala ya masanduku. Zote mbili zilitengenezwa kwa safari ndefu na njia mbovu, lakini tabia zao hazikufanana. Bei walizoniachia zilikaribiana kiasi kwamba bei haikuweza kumchagulia mtu.

Raoul hakupenda kusimama na wenzake nje ya maduka. Alikuja kukaa kwenye benchi ya gereji yangu, akipiga namba ya dada yake, akisubiri, akipiga tena. Siku nzima simu haikupita. Kesho yake vilevile. Nadhani macho yake yalitafuta tu pa kutua, yakatua kwenye ile nyeupe.

"Hii moto inaweza kufika Goma?" aliniuliza. Moto ndiyo pikipiki, mjini kwetu.

"Papa Ema, kwa sasa hakuna muntu anafika Goma."

"Sikuulize habari ya bantu. Nauliza habari ya moto."

Basi nikamjibu kama fundi. Nikamwambia kwamba nyeupe, ukiijaza mafuta hapa, inapita vijiji vingi bila kuomba tena. Haimchoshi mtu kwenye mwendo mrefu, inabeba mtu wa pili na mizigo yake, na lori la shaba likikupita kwa kasi haikutikisi. Lakini ni nzito. Tena injini yake inaongozwa na kompyuta, na ikigoma porini hakuna nyundo wala sala itakayoiamsha. Ya kijani naweza kuifungua yote na kuifunga tena kwa funguo za mfukoni. Matopeni inapita, mjini inapenya kati ya mabasi. Ila tangi lake ni dogo, kiti chake kinaumiza, na ukiikimbiza muda mrefu mikono inakufa ganzi kwa mtikisiko.

"Na ingekuwa wewe?"

"Mi nachukua ya kijani. Kazi yako iko wapi? Bel-Air, mujini, Kinsevere. Kila siku njo ile. Goma utaenda mara ngapi?"

Alipanda ile nyeupe, akashika usukani, akaangalia mbele ambako hapakuwa na kitu ila ukuta wangu wenye matairi yaliyotundikwa.

Kinsevere ni huko kaskazini ya mji, kwenye mgodi wa shaba. Raoul alikuwa anapeleka maharagwe na samaki kwa jiko la wafanyakazi wa kampuni ndogo ya ujenzi kule, na mara kadhaa kila wiki alikwenda mwenyewe kuchukua oda na kusikiliza malalamiko ya wapishi. Njia hiyo ndiyo iliyomlisha. Kila mwenye akili angechagua pikipiki kwa kuifikiria njia hiyo.

Mke wake alifikiri hivyo. Émerance ni mwanamke mrefu, mpole wa sauti, ambaye hasemi jambo mara mbili. Alikuja gereji mchana na mwavuli, akazitazama zote mbili, akakaa juu ya ya kijani, akashuka, akakaa juu ya nyeupe, akashuka.

"Hii nyeupe iko moto ya kukimbia," alisema. "Ile ya kijani iko ya kufanya kazi."

"Hatukimbie, Mama Ema," Raoul alimwambia. "Tunaenda kuchukua muntu."

"Yaya alisema anataka kuchukuliwa?"

"Simu haipite."

"Basi ungoje ipite kwanza."

Alifungua mwavuli wake akaenda zake. Raoul alibaki ameinamisha kichwa, halafu akaniambia kwamba Jumapili tungezijaribu. Mtu wa jumla hanunui gunia bila kulichoma bambo, kile chuma cha kuchotea, na kuzionja punje.

Jumapili hiyo, kila mmoja alipotoka kanisani kwake, tulishika barabara ya Kinsevere. Mimi nilipanda ya kijani, yeye nyeupe. Mpaka kwenye njia panda ya mgodi hakukuwa na neno: alinitangulia bila shida, mgongo umenyooka, na mimi nyuma yake nilikula vumbi na kuhesabu makovu ya barabara kwa makalio. Tukapita mgodi, tukaendelea mbele ambako barabara inakuwa njia tu kati ya miti na vichuguu, na huko mvua ikatukuta. Tulisimama tukabadilishana. Raoul juu ya ya kijani alikuwa mtu mwingine. Alicheka peke yake. Aliingia kwenye dimbwi akatoka upande wa pili, akageuka akaliingia tena kwa kupenda. Mimi na ile nyeupe tulitembea kama watu wanaovuka mto na mtungi kichwani.

Nilidhani mambo yameamuliwa. Lakini tulipogeuza kurudi, alitaka nyeupe tena. Hatukwenda mbali. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu, gurudumu la mbele liliteleza, akajaribu kuizuia kwa mguu, mguu nao ukateleza, na pikipiki ikalala polepole juu ya ubavu wake, sanduku moja limezama kwenye potopoto. Yeye hakuumia. Aliinuka, akashika usukani, akavuta. Haikusogea. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Nilikuja tukavuta wawili, na matope yalikuwa yanakunywa miguu yetu.

Wanaume wawili walitokea wakisukuma baiskeli zilizojaa magunia ya makaa kuelekea mjini. Walizisimamisha kwa fimbo, wakaja kutusaidia bila kuombwa. Pikipiki iliposimama, mmoja wao aliitazama toka taa mpaka mkia.

"Hii iko moto ao iko kamio?" aliuliza, yaani ni pikipiki au lori, na hakuwa anatania sana.

Raoul aliwashukuru, akapangusa kiti kwa mkono wa shati. Nilingoja aseme kwamba tubadilishane. Badala yake alipanda nyeupe akaiendesha mpaka mjini, kwa uangalifu wa mtu anayembeba mgonjwa. Lami ilipoanza alisimama kando, akavua kofia.

"Kule mu potopoto," aliniambia, "sikufikiri simu hata kidogo."

Jioni ileile simu ikapita. Alinisimulia kesho yake. Yaya Virginie alikuwa mzima. Ghala la viazi alilopanga pamoja na wanawake wenzake lilikuwa limevunjwa na kukombwa mpaka magunia matupu, na nyumbani kwake alikuwa amejifungia na watoto wa jirani ambao mama yao hakuwa amerudi. Raoul alimwambia kwamba angekuja kumchukua.

"Usikuye," Virginie alimwambia. "Ukikuya, utanipa kazi ingine ya kukuficha."

"Yaya, siwezi kukaa hivi."

"Kaa. Uza maharagi yako. Nikikuhitaji nitakuita."

Alinisimulia hayo huku akitoa pesa. Alichukua nyeupe. Mtu akishakuonyesha kwamba anajua kila kasoro ya kitu na bado anakitaka, fundi hana neno.

Ya kijani haikupata mteja. Watu walikuja, wakaipenda, wakaenda kuuliza nyumbani, hawakurudi. Miezi hiyo hakuna aliyetaka kununua kitu ambacho si chakula. Mwishowe niliwaandikia wale wenyewe, tukaelewana, nikaichukua mimi.

Nyeupe ilimtesa Raoul. Asubuhi, kutoka Bel-Air kuja mjini, ilikwama kati ya mabasi kwa sababu ya masanduku yake ya bati, na joto la injini lilimchoma paja. Aliyatoa masanduku, lakini joto likabaki. Askari wa barabarani, watu wa roulage, walimsimamisha kila kona, wengine kwa ajili ya karatasi, wengine kwa kutaka tu kuiona karibu. Langoni kwa mgodi walinzi walimpigia saluti wakidhani ni injinia mgeni. Alipovua kofia, mmoja akasema, "Ah, njo Papa wa maharagi." Aliniletea hadithi hiyo mwenyewe, akacheka, lakini niliona kwamba saluti ya kwanza ilikuwa imemkaa vizuri.

Katikati ya Februari, Bukavu nayo ikaanguka. Barabara aliyokuwa anaipanga kichwani, ya kupanda mpaka Kalemie, kuzunguka ziwa mpaka Uvira na kuendelea, ikafungwa karibu nasi zaidi. Hata hivyo kila Jumamosi alikuja gereji, akaosha mnyororo wa nyeupe kwa mafuta ya taa, akaupaka grisi, na kuniambia aliyoyasikia kwa madereva wa malori. Daraja fulani upande wa Mitwaba limeondoka na maji. Kati ya Pweto na Moba njia ni mchanga, halafu mawe. Bariyeri za wanajeshi, vile vizuizi vya njiani, zimeongezeka. Alizungumza kama mtu atakayeondoka Jumatatu. Mwanzoni nilimuuliza anaondoka lini. Baadaye niliacha, kwa sababu swali lilimfanya anyamaze, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko madaraja.

Émerance hakumwambia kwamba alimwonya. Asubuhi alimpeleka Emmanuella shule kwa miguu, kwa kuwa mtoto aliogopa urefu wa ile nyeupe, na jioni aliipisha njia ilipoingia uani.

Baada ya Pasaka, siku ya kazi, Raoul aliingia gereji akitembea haraka, duka ameliacha kwa msaidizi.

"Yaya iko Nakonde," alisema.

"Nakonde ya Zambia?"

"Alipita Rwanda, akapita Tanzania, na bamama ba biashara. Banapanda basi. Kesho banafika Kasumbalesa."

Virginie hakuwa amemwita. Alikuwa ameondoka zaidi ya wiki nzima bila kumwambia, na alipiga simu alipokuwa tayari mpakani mwa Tanzania na Zambia, sehemu kubwa ya njia iko nyuma yake. Raoul alisimama katikati ya gereji, mikono inaning'inia. Nilimwona ana furaha, na chini ya furaha kulikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyejikaza kuinua mzigo mzito halafu akaukuta umekwishainuliwa.

Tulikwenda pamoja. Barabara ya Kasumbalesa, mji wetu wa mpakani na Zambia, ni lami, na malori ya shaba yamejipanga juu yake bila mwisho, mengine yanakwenda, mengine yamelala. Hapo nyeupe ilikuwa nyumbani kwake. Raoul aliyapita malori moja baada ya jingine kwa kuzungusha mkono kidogo tu. Mimi na ya kijani tulisubiri nafasi, tukajitupa, tukasukumwa na upepo wa lori mpaka ukingoni, tukarudi nyuma ya lori lilelile. Aliningoja mara mbili. Mara ya pili nilishuka nikatikisa vidole vilivyokufa ganzi, naye akaniangalia vidole.

Yaya Virginie alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyomwazia, kitambaa kichwani, sweta la baridi ya Goma mkononi kwa sababu ya jua letu. Alikuwa na begi moja. Walikumbatiana muda mrefu. Kisha akamsogeza mdogo wake kwa mikono miwili, akamkagua uso, akaigeukia pikipiki.

"Njo hii ungekuja nayo kunichukua?"

"Njo hii, Yaya."

Aliizunguka. Aligusa kiti. "Iko muzuri," alisema. "Lakini mi singepanda."

"Kwa nini haukuniambia unaondoka?"

"Ningekuambia, ungeondoka na wewe. Njiani kote nilikuogopa wewe kuliko bile bibarrière. Nilisema, huyu mutoto nikimwambia niko Kigali, atafika Kigali. Nikimwambia niko Goma, atakufia Goma. Basi nikanyamaza mpaka nikaona umebakia mwendo ya siku moja tu."

Raoul aligeuka, akaanza kufunga upya kamba ya begi juu ya pikipiki, begi ambalo lilikuwa limefungwa vizuri. Nilikwenda kuwatafutia maji.

Alikataa katakata kupanda. Tulimpatia kiti cha mbele katika teksi ya watu wengi, karibu na dirisha, na Raoul akaifuata nyuma mpaka Bel-Air. Angeweza kuipita wakati wowote. Hakuipita. Malori yaliyokuwa nyuma yake yalimpigia honi, naye akabaki pale pale, mbele ya taa zao, macho kwenye kile kichwa chenye kitambaa.

Watu wangedhani hapo mambo yalitulia. Virginie, yeye, alitulia. Baada ya wiki mbili alikuwa na meza ya kuuza maharagwe kwa kikombe kwenye soko la mtaa, na aliwajua kwa majina majirani ambao Raoul alikuwa anawapungia mkono tu. Nyumba yake ya Goma alimwachia jirani, yule mama ambaye mwishowe alirudi kwa watoto wake. Akiulizwa habari za kule, alijibu kwa kifupi, akauliza bei ya unga.

Aliyepotea njia ni Raoul. Mwezi wa tano aliniletea nyeupe, akaisimamisha katikati ya gereji.

"Ulikuwa na haki," aliniambia. "Unipe ya kijani, uchukue hii. Kazi yake imeisha."

Nilitaka kumwambia kwamba kazi yake haijaanza hata. Nikampa ya kijani. Na kweli, ilimfaa kama shati la kushonewa. Alifika mjini mapema, alifika Kinsevere bila kuchafuka sana, alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Emmanuella alikubali kupelekwa shule nayo. Roulage hawakumwona tena. Kila nilipomuuliza, alisema iko muzuri, iko muzuri sana, na hakuna zaidi.

Aliyekuja kunieleza ni Émerance. Alikuja peke yake, akakaa kwenye benchi ileile ya mume wake.

"Liévin, umurudishie ile moto mukubwa."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama Ema, wewe njo ulisema ya kijani."

"Nilisema. Na ya kijani iko muzuri, inamufikisha haraka. Lakini anafika nyumbani na mawazo yake yote. Saa kumi iko kwa kiti, simu mukononi, anaangalia Goma, anaangalia Bukavu, nani amekufa, nani amekimbia. Yaya mwenyewe haangalie. Anamwambia, wee mutoto, mi nilitoka kule, mbona wewe umebakia?" Aliigeukia nyeupe iliyosimama nyuma yangu. "Ile nyeupe ilikuwa inamusumbua. Inamuchoma, inamukokota, anakuja nayo hapa kwako kila Samedi anaiosha. Alikuwa na kintu ya kupigana nayo."

Nikamwambia kwamba ile nyeupe aliinunua kwa ajili ya barabara iliyofungwa.

"Ile imefungwa," alisema. "Mi niko Lubumbashi tangu niolewe. Najua soko, najua kanisa, najua njia ya Kasumbalesa. Hakuna barabara ingine?"

Kiangazi kilikuwa kimeanza, njia zilikuwa kavu. Nilimpelekea Raoul nyeupe nyumbani na kumwambia anirudishie ya kijani kwa kuwa kompyuta ya hii inanishinda, jambo ambalo lilikuwa na ukweli ndani yake, na kwamba mimi naenda Kasenga kuona bei ya samaki wa mto Luapula, nahitaji mwenzangu. Samaki walimfanya ainue kichwa. Samaki wa ziwa la kwao walikuwa wameadimika dukani kwake, na wapishi wa Kinsevere walilalamika.

"Nani atakaa nyuma?" aliuliza, kwa kuwa aliona Émerance ameshavaa suruali chini ya kitenge.

Tuliondoka asubuhi ya baridi. Pale penye lami, na pale penye kifusi kilichoshindiliwa, wale wawili walikwenda kama watu waliokaa kwenye kochi. Émerance aliangalia huku na huku, akimgusa mume wake bega kila alipotaka asimame: mlima, kijiji kinachokausha mihogo, mafundi wa barabara wanaokula kivulini. Nilizoea kumwona Raoul akiiangalia nchi hii kama mtu anayeangalia saa. Siku hiyo alisimama kila alipoguswa.

Kasenga tulikula kando ya mto, kwa mama mmoja aliyeitwa Clotilde: bukari, yaani ugali wetu, na samaki wabichi wa kukaanga. Raoul alimhoji kuhusu samaki wakavu mpaka chakula kikapoa: nani anawakausha, kwa kuni gani, wanafungwaje wasivunjike. Katikati ya maneno alitoa simu, kwa mazoea. Ilikuwa imeshika mtandao wa Zambia, ng'ambo ya maji, na haikuwa na lolote la kumwambia. Aliitazama, akaiweka chini ya sahani. Baada ya kula alipanda mpaka juu mjini, akapata mtandao wetu, akampigia dada yake. Virginie alimwambia kwamba hakuna jipya, na asisahau kumletea samaki.

Sitasema kwamba alipona. Goma ni ile ile, na kiwanja bado hajanunua. Jumamosi nyingine bado anakaa kwenye benchi yangu, simu mkononi. Ila samaki wa Clotilde sasa wanafika Kinsevere kila mwezi, na mara mbili tatu nimemsikia akimwelekeza dereva mgeni njia ya kwenda Kasenga, akimtajia vijiji kwa majina.

Siku ile ya Kasenga, tukirudi, tulikata njia ya mkato ambayo mtu wa Kasenga alitusifia, tukakutana na mchanga. Ya kijani ilipita juu juu. Nilikwenda mpaka kwenye mti wa kwanza, nikazima, nikangoja. Kule nyuma nilisikia nyeupe inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Halafu nikawaona wanakuja: Émerance mbele kwa miguu, viatu mkononi, kapu la samaki kichwani, anacheka mpaka anashika ubavu, na Raoul nyuma yake anasukuma, uso mwekundu kwa vumbi, shati limeganda mgongoni.

Alinifikia, akaegemeza pikipiki kwenye mti, akapumua.

"Usiseme kintu," aliniambia.

Nilimpa maji, akanywa, akampa mke wake.